Mtu Aliyeshindwa Kupiga Picha Mbaya

Mvua ilipoanza kupungua juu ya mabati ya kanisa, watu waliacha kumtazama mchungaji wakamgeukia yeye. Tulijua atafanya nini. Angefunga Biblia, angeibana kwapani, angetoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyebanwa na haja, kisha tungesikia viatu vyake vikikimbia kwenye matope. Mchungaji alijaribu kumkemea, hakufanikiwa, mwishowe akazoea. Jumapili moja alikatisha mahubiri mwenyewe, akasema, "Tungoje kwanza Papa Foto atoke, ndiyo tuendelee," na kanisa zima likacheka.

Papa Foto ndilo jina tulilomwita, na mimi sitaandika jingine. Alikuwa mpiga picha wa karitie yetu, yaani mtaa wetu, hapa Rumonge. Alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, kama wengi wetu. Habari za ukoo wake na alivuka na nani aulizwe mwenyewe. Mimi nilimjua kama jirani. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, nami niliuza mawese mbele ya nyumba yangu, upande wa pili wa njia, na kwa miaka mingi nilifungua duka nikimwona na kulifunga nikimwona. Sasa yuko Kabonga kwa binti yake, mimi nimebaki hapa hapa. Nikimkumbuka nampenda, halafu nakasirika, na mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Huko nje alikokuwa anakimbilia ni kwenye korongo. Liko nyuma ya nyumba yake. Nilipoolewa na kuletwa mtaa huu lilikuwa mfereji tu wa maji ya mvua kutoka vilimani, nikiliruka na beseni la ngazi, matunda ya michikichi, kichwani bila kumwaga hata moja. Kila mwaka, kiangazi kikiisha na mvua za kwanza zikishuka, lilijipanua kidogo. Lilichukua migomba, likachukua choo cha jirani mmoja, likachukua jiko la mwingine, halafu likaanza nyumba zenyewe. Watu wakahama mmoja mmoja, wengine Kigwena kwa ndugu zao, wengine hatukujua waliishia wapi. Mwishoni, kati ya korongo na nyumba yangu ilibaki nyumba moja tu, na hiyo ilikuwa yake.

Lakini nianze na kazi yake, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Nyuma ya mlango wa studio kulikuwa na msumari, na kwenye msumari koti jeusi. Ulikuja kupigwa picha ya karangamuntu, kitambulisho, na shati lako la samaki, yeye alikuvika koti. Lilikuwa kubwa, kwa hiyo alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, mbele ukaonekana umeshonewa. Wavuvi, walimu wa shule, wauza samaki wa ndagala kutoka Gitaza waliopita njiani, mama zetu, wote walivaa koti lile. Nadhani nusu ya mji huu ina kitambulisho ndani ya koti moja. Kaka yangu alipofiwa na kukosa nguo ya kuzikia, alikwenda kuliazima, na Papa Foto akampa bila kuuliza atalirudisha lini.

Ukutani alitundika kitambaa kilichochorwa ziwa, la buluu iliyopitiliza, na milima nyuma yake. Ziwa lenyewe la Mungu liko hapo chini, ukitoka tu sokoni unaliona. Nilimtania mara nyingi. Nilimwambia, "Wewe mutu wa ajabu, unatuletea ziwa ndani ya nyumba na tuko nalo nje." Yeye alijibu kwa utulivu kabisa: "Ile ya nje haikai, mama. Saa hii iko buluu, saa ingine iko kama maji ya kufulia. Hii yangu inangojea watu."

Alikuwa mvumilivu wa ajabu kwa jambo hilo moja, na kwa mengine yote hakuwa na subira hata kidogo. Foleni ya bombani ilimshinda, akaacha dumu lake na kuondoka. Chai ya moto aliinywa ikimuunguza. Lakini akikukalisha kwenye kile kiti chake karibu na dirisha, angeweza kukaa nawe mpaka watoto wako walie njaa. Alikufuta paji la uso kwa kitambaa chake, akakugeuza kidevu kwa kidole, akarudi nyuma, akatazama, akasema, "Mwanga bado." Ukilalamika kwamba unachelewa, alisema foto ina saa yake na wewe una yako, na leo umekuja kwenye ya foto. Kila mtu hapa anaweza kumwigiza akisema hivyo, hata watoto.

Tatizo lake, na nililiona kabla ya wengine, ni kwamba hakuweza kumwacha mtu jinsi alivyo. Ungeingia pale umechoka, una mawazo, jicho moja limevimba kwa kulia, na kwenye picha ungetoka mtu mwenye amani. Hakufanya uchawi wowote kwenye mashine. Alingoja tu. Alingoja mpaka kivuli kikalala vizuri, mpaka ukasahau shida yako kidogo, na hapo ndipo alipobonyeza.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyezoea kuvuka mpaka kule chini ya Kabonga, kuingia Tanzania na mzigo wake. Siku aliyovuka na karangamuntu mpya, askari alitazama kadi, akamtazama yeye, akamuuliza kama huyu wa kwenye kadi ni mdogo wake. Walimkalisha pembeni, samaki zikianza kunuka, mpaka wenzake walipofika na kumtetea. Alirudi Rumonge akafululiza mpaka studio, sisi majirani tukatoka nje kusikiliza.

"Papa Foto, unipige vile niko!" alimwambia. "Hivi hivi. Na huu uso mubaya."

"Sawa, mama. Ukae."

Alimkalisha dirishani. Akamfuta paji la uso. Akamgeuza kidevu. Yule mama alitoka na picha nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, akaitazama njia nzima akitabasamu peke yake. Mpakani sijui alifanyaje.

Mimi mwenyewe alinifanyia hivyo hivyo. Mume wangu alipofariki tulihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza, kubwa, kama watu wanavyofanya hapa. Papa Foto alikuwa na ya kitambulisho, akaenda Bujumbura kuikuza, akarudi nayo ndani ya fremu. Niliifunua mbele yake.

"Huyu si bwana yangu," nilimwambia.

"Ni yeye. Angalia vizuri."

"Bwana yangu alikuwa amechoka. Huyu hajachoka."

"Sasa ulitaka aende na ile kuchoka yake yote?"

Nililia sana siku ile, na picha ikabaki ukutani mpaka leo. Binti yangu Neema alikuwa mdogo baba yake alipoondoka, kwa hiyo anamjua baba huyu wa kwenye fremu, aliyepumzika, mwenye macho mapana. Wakati mwingine nataka kumwambia kwamba baba yake alirudi kutoka kwenye michikichi mgongo umepinda, akala bila kusema neno, akalala na viatu. Sijamwambia. Papa Foto ameshinda.

Sasa korongo. Alilipiga picha miaka mingi kabla hatujaanza kuliogopa. Hakumwuzia mtu picha zile, alizipiga kwa ajili yake. Mara moja nilimfuata, nikiwa na nia ya kumcheka. Ilikuwa mwanzo wa mvua, jioni, dhoruba imepiga tangu mchana na ndiyo kwanza inahamia kusini. Milima ya Kongo, iliyopotea kiangazi chote kwa vumbi na moshi, ilikuwa imesogea mpaka ukaona nyufa zake. Jua likashuka chini ya wingu, likapita juu ya ziwa, likaingia moja kwa moja mdomoni mwa korongo. Kuta zote zikawaka nyekundu. Maji yaliyokuwa bado yanateremka kila mahali yaling'aa, na ule udongo uliokuwa unatumaliza ukaonekana una tabaka za rangi ambazo sikuwahi kuziona, njano, zambarau, nyeusi. Siwezi kuwadanganya: palikuwa pazuri mno. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye matope, haongei. Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui kwa nini.

Shefu wa karitie, mzee mmoja mwenye bidii aliyechaguliwa kwa sababu hachoki kwenda ofisini, ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa ameomba kuta za mawe za kuzuia udongo mpaka sauti ikamkauka. Pale komini, ofisi ya serikali, walimjibu kwamba wanahitaji kuona. Basi tukakutana kwenye duka langu, tukasema kwa kinywa kimoja kwamba tuna mpiga picha, tunahangaika nini?

Papa Foto alifurahi kama aliyepewa kazi ya Mungu. Mvua ilikuwa inanyesha siku zile bila kukoma, na nyumba iliyopakana na yake ilikuwa inakwenda, tuliusikia udongo ukidondoka. Shefu alimwendea mlangoni. "Piga sasa. Inaanguka sasa hivi."

"Mwanga bado, shefu," alisema. "Nikipiga saa hii hawataona kitu, wataona mvua."

Na hapo hakuna aliyebishana naye. Tulimwamini, maana alikuwa ametupiga sote na sote tulipendeza. Alingoja. Nyumba ile ikaanguka, dhoruba ikaisha, jua likashuka upande wa Kongo, naye akapiga.

Picha iliporudi kutoka Bujumbura, imekuzwa, tulijazana kuitazama. Mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe tunaishi hapa?" Tulijivuna. Tuliifunga kwa kitenge changu kipya ili isichubuke, tukaenda nayo komini, shefu, yeye na mimi.

Bwana mmoja mkubwa pale ofisini aliinuka kitini, akaipeleka dirishani.

"Ni wapi hapa?"

"Ni kwetu," shefu akasema. "Pale juu, ukipita soko."

"Sikujuwa tuko na kitu kama hii." Aliigeuza kidogo, akarudi nyuma, akaitazama tena. Shefu alieleza habari za kuta, za watu waliohama, za nyumba iliyoanguka wiki ile ile. Bwana aliitikia kila neno, macho yakiwa kwenye picha. Alitushukuru, "murakoze cane," akamwita mtu alete nyundo, na kabla hatujatoka ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya meza yake. Iko pale hata leo, ukiingia unaiona kabla hujamwona yeye.

Njiani kurudi Papa Foto alitembea mbele yetu. Shefu alisema kwamba angalau wameona. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba mawe hayatakuja.

Kilichofuata sikukitarajia. Watu waliiona picha pale ofisini, wakaipiga kwa simu, ikasambaa. Zamani maharusi wa mji huu walikwenda ufukweni kupigwa picha. Sasa wakaanza kuja kwetu. Jumamosi magari yalipanga foleni njiani, honi zinalia, bibi harusi anashuka ameinua gauni lisiguse matope, anasimama ukingoni, nyuma yake kuta nyekundu. Ukingo wenyewe tulikuwa tumekataza watoto wetu kuukaribia. Na anayewapiga picha ni nani? Ni yeye, Papa Foto, anawasogeza mabega, anasema mwanga bado.

Siku moja nilivuka njia na kumwendea mbele ya maharusi.

"Unapiga watu sherehe juu ya shimo linalokula nyumba yako?"

"Wamekuja wanacheka, Mama Neema. Nifanye nini mutu akicheka?"

"Uwafukuze."

"Siwezi kufukuza mutu amevaa vizuri."

Alimaanisha. Hakuwa na unafiki wowote, na hilo ndilo lililonichosha. Nilirudi dukani nikakosea kupima mawese ya watu jioni nzima.

Baada ya msimu ule alijaribu kujirekebisha, na lazima niliseme, maana wengi hawakuona. Aliniomba nimshikie mwavuli, tukatoka katikati ya mvua, wakati ambao maishani mwake hakuwahi kutoa kamera. Alipiga. Tulipoitazama picha studioni, korongo lilikuwa limefunikwa na kijivu laini, mvua imesimama kama pazia jembamba, ukatamani kuingia upumzike. Akaifuta. Akatoka saa ya jua kali, saa ambayo alisema inawatia watu ukoma usoni. Nyufa za ukingo zikatoka zimejipanga kama mkeka uliofumwa. Akaifuta na hiyo. Alipiga bila kutazama, kamera ameiweka kiunoni, na mkono wake ukaielekeza wenyewe mahali panapofaa. Mwishowe alikuja dukani, akakaa juu ya dumu langu la mawese, kamera mapajani.

"Haitoki," alisema. "Ile mubaya haitoki. Naiona na macho, nikipiga haiko."

"Piga ovyo tu. Kama sisi wengine."

"Sijui namna munafanya."

Nilimwonea huruma. Pia nilitaka kumzaba kofi. Huu mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ofisini walimsikiliza, na mtu huyo hakuweza kusema jambo letu, kwa sababu kila alichokigusa kilipendeza.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye ilikuwa mwanzo wa mvua zilizopita. Asubuhi ilinyesha, mchana ikanyesha zaidi, na ilipoanza kulegea ukingo ulikuwa umefika ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Ardhi chini ya ukuta ilikuwa imeshakwenda, matofali yameng'ang'ania hewani. Tulikuwa tumetoa vitu vyote nje na kuvipanga upande wangu wa njia. Yeye alisimama katikati ya njia mikono mitupu.

Shefu alikuwa anaongea na komini kwa simu. Kwenye barabara kubwa ya ziwani kulikuwa na katapila na malori ya mawe, wanatengeneza daraja. Aliwaomba walete mawe saa ile ile, wayamwage nyuma ya nyumba kabla ukuta haujaondoka, pengine utashika. Akakata simu, akatugeukia. "Wamekubali kuuliza. Wanasema tutume picha sasa hivi, wako kwenye mkutano, wakiona watatoa amri."

Sote tukamtazama Papa Foto. Yeye alinitazama mimi.

"Piga wewe, Mama Neema," alisema. "Wewe hujui kupiga."

Nilichukua simu ya shefu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta na matope. Nilisimama nilipokuwa nimesimama, nikabonyeza. Kwenye picha nusu ya ukuta ilikuwa imeachwa nje, njia ikaonekana imepinda, na pembeni kidole changu kimejaza kona nzima. Papa Foto aliishika, akaitazama kwa muda, na nikaona uso wake unalegea. Alisema, "Hii ndiyo. Hii iko mubaya kabisa. Tuma."

Shefu akatuma. Tulingoja, na mvua ikaendelea kulegea, mpaka yakabaki matone ya kwenye miti tu. Simu ikalia. Shefu akasoma kwanza kimya, halafu kwa sauti, bila kututazama: "Tumepata, murakoze. Haionekani muzuri, iko na kidole. Papa Foto hayuko? Atume yake haraka, mkutano unakaribia kuisha."

Papa Foto alinyoosha mkono, akapewa simu. Aliisogelea nyumba, akapita pembeni mpaka mahali ambapo ungeona ukuta na shimo chini yake kwa pamoja. Mahali penyewe palikuwa sahihi, hata mimi niliona. Akainua simu. Akaishusha. Alitazama upande wa ziwa.

"Piga," nilimwambia. "Piga tu, Papa Foto. Saa hii hii."

"Ngoja kidogo. Wingu lipite."

"Achana na wingu!"

"Kidogo tu, mama. Wakiiona vizuri wataleta mawe. Kidogo tu."

Hakuwa anakataa. Alikuwa anaomba, simu imeinuliwa, kidole juu ya kitufe, na macho yamejaa machozi. Nami nikageuka kutazama lile wingu. Lilikuwa linasogea kweli, chini yake kumeanza kuwa na mstari wa dhahabu juu ya Kongo, na nikajikuta nahesabu kimoyomoyo limebakiza kiasi gani. Shefu naye alikuwa analitazama. Majirani wote, na mizigo ya watu mikononi, tulikuwa tumegeukia ziwani, tunangoja, ukuta ulipoanguka nyuma yetu.

Haukutoa sauti kubwa. Paa liliinama, likaufuata, na vumbi halikuwapo kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa. Jua likatoka, likaingia korongoni kote mpaka ndani.

Alinirudishia simu badala ya kumrudishia shefu, nadhani hakuona anampa nani. Alitazama pale nyumba yake ilipokuwa, halafu akatazama upande wa pili wa njia, duka langu, mlango wangu, nguo za Neema kwenye kamba.

"Sasa imebaki ile yako," alisema.